Nafasi ya Mzee wa Saranda

Omurushaka, Karagwe
Jumapili, Novemba 1989

Baba yangu,

Shikamoo. Tafadhali usiipite shikamoo hii kama garimoshi la mizigo linavyopita stesheni ndogo. Iitikie kwa sauti kabla hujaendelea kusoma, hata kama mdogo wangu Yona atatoka jikoni akidhani unazungumza na ukuta. Mwisho wa barua utajua kwa nini nakusumbua. Umeitikia? Asante. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na nimenenepa kwa ndizi za watu. Wewe goti lako linasemaje? Mvua zimeanza huko, au bado mnatazama mawingu yakienda kunyesha kwa wengine? Shangazi Matika bado anakuja kukupikia, au mmeshagombana tena kuhusu chumvi?

Barua yako niliipata na kuisoma nimesimama palepale posta, maana haikuhitaji kiti. "Barua imefika. Mimi mzima. Kazi ya hewani si kazi. Stesheni wanatafuta karani. Rudi." Baba, umestaafu reli lakini bado unaandika kama mtu anayekatwa mshahara kwa kila neno. Nilicheka, halafu nikazunguka nyuma ya duka la jirani nikalia kidogo, kwa sababu lile neno la mwisho nililisikia kwa sauti yako kabisa.

Nimechelewa kujibu, na si kwa dharau. Wiki ileile barua yako ilipofika, kamati ya hospitali ilikuwa imeamua kwamba simu zote za upepo zikusanywe kutoka vilimani zifungiwe stoo. Simu zikiingia stoo, mimi naingia garimoshi, maana mpiga simu asiye na simu analipwa kwa kazi gani? Kwa hiyo nilikuwa sijui nikujibu nini. Sasa najua, na jibu lako limo humu. Ila safari hii utavumilia maneno mengi, kwa sababu mimi nimemfuata marehemu mama.

Mwaka jana uliniuliza kazi hii ni kitu gani, nikakujibu mistari miwili, ukanuna. Nakueleza sasa vizuri. Hospitali yetu ya misheni iko hapa karibu na Omurushaka, lakini zahanati zake zimetawanyika juu ya vilima, kuanzia Kiruruma mpaka Kibingo huko upande wa Kyerwa. Kila zahanati ina simu ya upepo. Landrova ya hospitali inayo. Manesi wanaozunguka na pikipiki kuchanja watoto na kupima wajawazito wanazo ndogo za mkononi. Mnara hatuna, kwa sababu mnara ni fedha. Na simu hizi hazipindi kilima hata kidogo, zinasikilizana zikiwa zinaonana tu. Kwa hiyo nikitaka kusema na Kibingo, siwezi kusema na Kibingo. Nasema na Kiruruma. Kiruruma anamwambia Mzee Laurian, dereva wetu, kama siku hiyo yuko juu ya mgongo wa kilima. Mzee Laurian anamwambia Burchard, nesi mwenye pikipiki, na Burchard ndiye Kibingo yenyewe, maana zahanati ile ni yake na anaibeba simu popote aendako. Kesho yake Laurian yuko bondeni ananunua mkungu wa ndizi, na njia ya jana imekufa. Tunatafuta nyingine kwa kuitana. Reli yako, baba, ilikaa palepale miaka yote ya kazi yako. Yangu inahama kila asubuhi.

Jingine ni kwamba wote tunatumia njia moja ya hewani. Ukibonyeza kitufe useme, husikii wengine. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikika, unatoka mkwaruzo tu, na kila mmoja anadhani amesema vizuri. Wewe unalielewa hilo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Treni mbili, reli moja.

Sasa weka juu ya hayo tabia za watu wa huku. Baba, sijawahi kuona watu wenye adabu namna hii. Wanyambo, Wahaya, na hizi familia zilizotoka Rwanda na Burundi tangu zamani, wote hawawezi kukuambia jambo kabla hawajajua umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe wamelalaje, na kama migomba imesimama baada ya upepo wa jana. Ni tabia nzuri sana ukiwa umekaa kwenye mkeka na bakuli la ndizi mbele yako. Lakini ipitishe hewani, kutoka mdomo hadi mdomo, uone. Burchard wa Kibingo anaomba sindano. Kwanza anamsalimia Mzee Laurian, mkubwa wake. Mzee anaitikia, anauliza hali ya mkewe Burchard. Kisha Mzee anamwita Mama Kemilembe, nesi wa Kiruruma, anampa salamu zake mwenyewe na salamu za Burchard, maana kuziacha ni kula haki ya mwenzio. Mama Kemilembe anaitikia zote mbili, anazirudisha, ndipo ananiita mimi na salamu tatu. Nami nazirudisha zote, zipite tena njia ileile mpaka Kibingo. Sindano hatujazitaja.

Na katikati ya hapo zahanati nyingine nayo inaita. Haijibiwi, kwa sababu njia imejaa. Inaita tena kwa sauti zaidi. Ya tatu inadhani simu yake imeharibika, inaita mara nyingi mfululizo. Kadiri njia inavyojaa ndivyo kila mtu anavyorudia, na kadiri wanavyorudia ndivyo inavyozidi kujaa, mpaka kufikia mchana hakuna neno hata moja linalopita. Nilikuwa nakaa pale na vyombo vya kusikilizia masikioni, natamani kuvirusha dirishani.

Tuliendelea hivyo, tunacheka na kulalamika, mpaka jambo la Adventina. Huyu ni mama wa Kibingo aliyekwama kujifungua. Burchard aliita asubuhi yote. Mzee Laurian alikuwa karibu kabisa na njia panda ya kwenda huko, angegeuza tu usukani, lakini alikuwa ndani ya salamu na zahanati nyingine, na kila Burchard alipobonyeza alikuta njia imeshikwa. Ujumbe ulipofika kwangu, Laurian alikuwa ameshashuka bonde la pili. Wanaume wa kijiji walimbeba Adventina kwa machela ya miti, wakapanda na kushuka naye siku nzima. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Baba, nimeyaandika haya haraka kwa sababu sitaki kukaa hapo.

Katibu wa hospitali alikwenda mazishini. Ni mtu mwema, mkimya, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. Akapiga marufuku salamu hewani. "Sema jambo lako, achia kitufe, basi," alituambia. Nilifurahi. Nilisema, hapa sasa tumefika kwenye mambo ya reli.

Kumbe hatukujua tunacheza na nini. Siku iliyofuata Mama Kemilembe aliita: "Laurian. Lete sabuni." Maneno hayo tu, kama alivyoagizwa. Mzee Laurian akafikiri: huyu mama hajanisalimia. Huku mtu mzima akikuita bila salamu, ama nyumba inaungua ama amekufa mtu. Akageuza gari, akawasha taa, akapanda kilima cha Kiruruma kwa mwendo ambao hospitali ingemfukuza kazi ikiuona, akaingia uani akilia, "Waitu, nani?" yaani jamani, amekufa nani? Mama Kemilembe akatoka na beseni mkononi. Walitazamana. Aliniambia baadaye kwamba hakujua acheke au amshike mzee wa watu asianguke.

Na haikuwa mara hiyo tu. Kila ujumbe usio na salamu uligeuka kuwa msiba. Watu waliacha kazi wakaanza kuulizana nani amefariki, nani amekasirika, nani amesemwa. Wengine walizima simu kwa kuona wametukanwa. Na kwetu mtu akizima simu hajazima yake peke yake, amevunja daraja la wenzake. Tukawa na njia nyeupe kabisa, haina salamu, wala watu haina.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Nilikumbuka ile pete kubwa ya chuma uliyokuwa unamkabidhi dereva wa treni, ukaniambia nikiwa mdogo kwamba asiye na pete haondoki hata akiwa amembeba waziri. Nikasema, hiyo hiyo. Tuwe na zamu ya kusema, moja tu, inayozunguka kutoka zahanati hadi zahanati. Mwenye zamu anasema, akimaliza anamkabidhi wa pili. Baba, ilikwenda vizuri asubuhi nzima nikaanza kujisifu. Kisha Mzee Laurian akapokea zamu, akaingia nayo nyuma ya kilima. Akatoka garini kununua maharage. Sisi wote, zahanati zote na manesi wote, tukakaa kimya kwa adabu tukisubiri zamu irudi, na hakuna aliyethubutu kuita, mpaka Mzee alipomaliza kupatana bei. Kwa hiyo nakutaarifu kwamba pete yako ilipotea Karagwe kwenye gunia la maharage. Usicheke peke yako, mwambie na Yona.

Kamati ikachoka. Wakasema simu zimekuwa baraza la porojo, na zisipokuwa porojo ni bubu, basi zikusanywe mwisho wa mwezi, na magari yapelekewe barua kama zamani. Katibu ndiye aliyeniletea habari, akiwa anatazama miguu yake. Nikamwomba atuache mpaka mwisho huo wa mwezi tujaribu. Akasema sawa. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu tayari, imeanza kuchanika kwenye mkunjo.

Jumapili hiyo baada ya ibada nilipanda Kiruruma kwa Mama Kemilembe. Yeye ni mjane, mkubwa kidogo kuliko shangazi, ana kibanja kizuri cha migomba na kahawa, na mimi ananiita "Mgogo wangu" kama vile aliniokota. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikakaa, nikachukua kisu, tukamenya wote, mikono ikawa myeusi kwa utomvu. Jirani yake akapita njiani na debe la maji. Mama Kemilembe hakunyanyua hata kichwa. Akasema, "Panga langu ulirudishe." Yule akajibu, "Nalileta," akapita zake.

Nikamwambia, "Mama, hukumsalimia."

Akanishangaa. "Tulisalimiana asubuhi, mwanangu. Tusalimiane mara ngapi tena?"

Niliacha kisu. "Na hakukasirika."

"Akasirike kwa nini? Anajua nimemwona leo."

Basi pale pale, kati ya maganda, tuliyapanga yote. Nilikuwa nasema, yeye ananirekebisha, maana anawajua watu wake. Kila asubuhi saa moja, kabla ya kazi, wote tunawasha simu. Mimi naanza, kisha mmoja baada ya mwingine, kuanzia aliye karibu mpaka aliye mbali. Kila mtu anasalimia wote kwa mara moja na kuitikiwa, na mwenye habari ya mgonjwa nyumbani au ng'ombe aliyezaa anaisema hapo. Tukimaliza, tumeonana. Siku nzima inayobaki hakuna atakayeona amevunjiwa heshima akiambiwa "lete sabuni."

Kisha tukaweka mengine. Yeye mwenyewe alisema masikio yake yanajaa, kwa sababu kilima chake kinaona kote na kila mtu anapenda kupitia kwake, mpaka betri inakufa kabla ya mchana. Tukakubaliana kwamba anayebeba maneno ya wengine akielemewa, aseme neno moja, "Nimeshiba," na wote wanaomsikia wanyamaze au watafute kilima kingine. Mama Kemilembe alicheka sana. Alisema nyumbani kwake mtu akisema ameshiba ndiyo kwanza anaongezewa, lakini hewani atajitahidi.

La kurudiarudia ndilo lilitusumbua. Usipojibiwa ungoje, sawa, lakini ungoje kiasi gani? Wawili waliogongana wakingoja sawasawa, watagongana tena sawasawa. Na saa za mkononi wengi hawana. Mama Kemilembe akafikiri, akasema, "Wasali." Mimi nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa na maana yake. Usipojibiwa, sali sala moja ndipo uite tena. Mlutheri asali Baba Yetu, Mkatoliki asali Salamu Maria, hazilingani urefu. Na hata Wakatoliki wawili hawalingani, kwa sababu Mzee Laurian anasali taratibu kwa kutafakari, na Burchard anasali kama mtu anayekimbia mvua. Ukishindwa tena, sali mbili. Ukishindwa tena, nne. Kadiri njia inavyojaa ndivyo watu wanavyosali zaidi na kubonyeza kidogo zaidi. Katibu aliposikia aliogopa tunaifanyia dini mzaha. Mama Kemilembe akamwambia, "Mzaha gani? Wiki hii nimesali kuliko Kwaresima yote."

Na ikaenda, baba. Sikwambii ilikuwa kama muujiza, kwa sababu siku za kwanza watu walisahau na nikafoka sana. Lakini ilikwenda. Nilianza kusikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika kazi hii, kimya kati ya ujumbe na ujumbe.

Sasa nakuja kwako. Asubuhi ya kwanza ya zile salamu, kila mmoja alisema ya kwake mpaka tukafika kwa Burchard, ambaye ni wa mwisho. Nilikuwa na barua yako mbele yangu mezani. Sijui nilipatwa na nini, nikabonyeza nikasema, "Na baba yangu, Saranda, shikamoo." Kisha, kwa mazoea ya mkono, nikaachia kitufe kungoja jibu. Nilijisikia mpumbavu. Nikangoja wanicheke. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema kitu kabisa. Watu hawa hawawezi kumdakia mzee anapoitikia salamu, na kwao nilikuwa nimemsalimia mzee, basi wakamngoja. Baada ya kitambo Mzee Laurian akauliza kwa upole, "Mzee ameitikia?"

Nikasema, "Yuko mbali, Mzee. Hana simu."

"Basi tumwachie nafasi yake," akasema. "Kila siku."

Tangu siku hiyo umo kwenye mpango wa hospitali hii, na hukuajiriwa. Salamu zikiisha kwa Burchard, nakusalimia wewe, na hewa yote ya Karagwe hadi Kyerwa inanyamaza muda wa mzee kuvuta pumzi na kusema marahaba. Wanaiita nafasi ya mzee wa Saranda. Mimi katika kimya hicho nakuona umekaa kwenye kile kibao nje ya nyumba, unasikiliza reli.

Mwisho wa mwezi ulifika. Katibu aliingia chumbani kwangu asubuhi, tukiwa katikati ya salamu, amebeba boksi kubwa tupu la karatasi lililokuwa la dawa. Nililijua la nini. Kamati haikuwa imebadili neno lake, kwa sababu kamati hukaa mbali na hewa. Alisimama mlangoni kwa heshima, akangoja nimalize. Siku hiyo Burchard hakuitikia zamu yake. Haikunishtua, nilidhani yuko nyuma ya kilima. Nikasema, "Na baba yangu, Saranda, shikamoo," nikaachia kitufe, nikafikiri, hii ndiyo ya mwisho.

Kimya. Halafu sauti ya Mama Kemilembe, ya haraka, ndogo: "Debora, usibonyeze. Kuna mtu kwenye nafasi ya baba yako."

Mimi sikusikia kitu. Yeye, kwa kile kilima chake, alisikia. Alikuwa Burchard. Betri yake ilikuwa imebaki roho tu, sauti nyembamba kama nzi ndani ya chupa, na siku nyingine yoyote mtu mmoja akiomba sabuni angeifuta kabisa. Tangu alfajiri alikuwa anapanda mlima na simu mkononi kutafuta mahali pa kuonana na mtu. Mama Kemilembe alitupatia neno moja moja kadiri alivyolipata: Restituta. Kibingo. Mimba ya kwanza. Damu nyingi. Gari.

"Laurian," nikasema. Bila salamu, baba. Hakuhitaji.

"Nipo njia panda," akajibu. "Nimegeuza."

Mama Kemilembe akasema, "Nimeshiba," na huwezi kuamini jinsi hewa ilivyosafishika. Zahanati zote zilinyamaza. Hakuna aliyeuliza Restituta ni binti wa nani, ingawa najua walikuwa wanakufa kwa kutaka kujua. Kila tuliposikia mlio ulikuwa wa Laurian tu. Nimefika mtoni. Namwona Burchard. Tumempakia. Na kila alipozama nyuma ya kilima kuna nesi wa pikipiki aliyepanda juu, bila kutumwa, akalibeba neno lake mpaka kwangu. Katibu alisikiliza yote. Mwanzoni alisimama, kisha akaliweka lile boksi sakafuni, kisha akalikalia. Lilibonyea kabisa.

Restituta alifanyiwa upasuaji na akajifungua mtoto wa kike. Wote wazima. Nilikwenda wodini kumwona, na bibi yake akanishika mikono miwili akanisalimia salamu ndefu sana, sikukata hata moja. Nililia palepale, sikujificha nyuma ya duka.

Simu hazikwenda stoo. Katibu alirudi kwenye kamati na nadhani alisema maneno mengi kuliko aliyosema maisha yake yote, kwa sababu alirudi hana sauti. Burchard amepewa betri mpya. Mimi nimepewa chumba kikubwa zaidi chenye dirisha linaloangalia barabara ya mabasi, na wananitaka nifundishe hospitali nyingine ya jirani yenye matatizo yaleyale. Nitawafundisha. Kazi hii naiweza, baba. Siku zote ulinifundisha nisijisifu, lakini hili nakuambia wewe peke yako. Naiweza.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Sirudi kuwa karani. Mpe nafasi hiyo mtoto wa mtu anayeitamani. Najua nyumba ni kubwa tangu mama aondoke, na najua hukuandika "Rudi" kwa sababu ya ukarani. Inaniuma. Nitakuja kukuona Pasaka na kukaa wiki mbili, nitakukaangia hata hiyo chumvi unayoigombania, lakini nitakuja na tiketi ya kurudi huku. Nakuomba unikubalie kwa moyo, si kwa kunyamaza.

Nimempa kondakta wa basi la Bukoba kopo la senene waliokaangwa, wapande meli na garimoshi mpaka kwako. Usimuulize Yona kwanza, atakuambia ni panzi. Onja. Mwambie Yona asome, na aache kunitungia barua za kuomba viatu kwa mwandiko wako, mwandiko wako naujua. Shangazi Matika mwambie namshukuru kwa kukutunza na kwamba kwenye jambo la chumvi niko upande wake. Mke wa stesheni masta mpe pole ya mguu. Wazee wenzako wa kwenye kibao wasalimie kila mtu kwa jina lake, sasa nimekuwa mtu wa huku, sipendi wajumlishwe.

Wa huku nao wanakusalimu. Mzee Laurian anasema mkikutana mtazungumza mambo ya usukani, nimemwambia treni haina usukani, hakuamini. Burchard anasema alikopa nafasi yako bila ruhusa na anaomba radhi. Katibu anakusalimu kwa heshima. Na Mama Kemilembe aliniuliza kwetu tunasalimiaje, nikamfundisha, amefanya mazoezi wiki nzima na ndizi mkononi. Jana asubuhi, ilipofika zamu yako, aliniwahi. "Mbukwenyi, mzee wa Saranda," akasema, kwa lafudhi ya Kinyambo kabisa, halafu wote wakanyamaza.

Kesho saa moja kaa kwenye kibao chako, baba, uitikie kwa sauti. Huku hakuna atakayegusa kitufe mpaka umalize.

Binti yako akupendaye,
Debora